Kompyuta Mpya Katika Joto la Pwani: Nyuzi Ngapi ni za Kawaida?

Chovae ni kimojawapo cha visiwa vya Wabajuni, vilivyojipanga sambamba na bara kusini mwa Kismayu hadi kuelekea Ras Kiamboni, mpakani mwa Somalia na Kenya. Wenyeji wake ni wavuvi tangu enzi, na mwenye kuijua bahari hiyo hana budi kuujua pia upepo wake. Kaskazi huvuma mwishoni mwa mwaka na mwanzoni mwa mwaka unaofuata. Kusi huvuma katikati ya mwaka. Na baina ya pepo hizo mbili kuna siku za tanga mbili, ambapo hewa husimama na joto huwa zito hata kivulini.

Vita vilivyozuka Somalia mwaka 1991 viliwatawanya Wabajuni wengi. Leo si ajabu jamaa moja ya asili ya Chovae kuwa na baba Kismayu, shangazi Mombasa na binamu Uingereza. Simu ndiyo inayowaunganisha, na pamoja na salamu huja pia maarifa ya vyombo vipya. Miongoni mwa vyombo hivyo ni kompyuta ya mezani ambayo mwenyewe huiunganisha nyumbani, kipande baada ya kipande, ili apate mashine imara kwa kadiri ya uwezo wake na aweze kubadilisha sehemu moja tu inapoharibika.

Kazi hiyo yaleta furaha, lakini yaleta pia hofu ambayo aghalabu haina msingi. Hofu yenyewe ni ya joto.

Na tuchukue mfano wa kijana wa jamaa kama hiyo anayekaa Kismayu. Amekusanya vipande vyake kwa mwaka mzima, na sehemu ya gharama imetoka katika akiba ya mama yake. Siku ya kuiwasha, mashine inawaka bila tatizo na nyumba nzima inashangilia. Kisha kijana anafungua programu inayoonyesha joto la prosesa, yaani kile kipande kinachofanya hesabu zote na ambacho watu hukiita ubongo wa kompyuta. Anaona nyuzi 46 za Sentigredi, wakati mashine haifanyi kazi yoyote. Anampigia simu binamu yake Uingereza, ambaye alinunua prosesa ya aina ile ile na kipozeo cha aina ile ile. Binamu anajibu kwamba yake inasoma nyuzi 35. Wanazipa mashine zote mbili kazi nzito kwa nusu saa. Ya Uingereza inafika nyuzi 66. Ya Kismayu inafika 77.

"Mwanangu," mama anauliza, "basi fedha zetu zimeliwa na moto?"

Zisingeliwa. Mashine hizo mbili ni sawa kabisa, na zote mbili ni nzima. Kilichotofautiana ni chumba.

JOTO LATOKA WAPI

Prosesa ni kipande cha silikoni kisichozidi sana ukucha wa kidole kwa ukubwa. Ndani yake mna swichi ndogo mno zinazoitwa transista. Prosesa ya Intel 4004, iliyotolewa mwaka 1971, ilikuwa na transista 2,300 tu. Prosesa za leo zina mabilioni. Kila swichi inapofunguka na kufunga hutumia umeme kidogo, na umeme wote huo mwishowe hugeuka kuwa joto. Hakuna hata chembe inayotoka kwa njia nyingine.

Prosesa ya kawaida ya nyumbani hutajwa kuwa ya wati 65. Mtu aliyewahi kutumia balbu za zamani za wati 60 atakumbuka kwamba balbu iliyowaka kwa dakika chache ilikuwa haishikiki kwa mkono. Prosesa hutoa joto kama hilo, au hata kulizidi inapofanya kazi kwa nguvu zote, lakini hulitoa katika eneo dogo kuliko kisanduku cha kiberiti. Kwa sababu hiyo haiwezi kuachwa peke yake.

Hapo zamani iliwezekana. Kompyuta ya IBM PC ya mwaka 1981 ilitumia prosesa ya Intel 8088 ambayo haikuhitaji kipozeo chochote juu yake. Nguvu ya prosesa ilipozidi kukua katika miaka ya 1990, vipozeo na feni vilikuwa jambo la lazima. Kipozeo ni bonge la chuma chenye mbavu nyembamba nyingi, mara nyingi aluminiamu, ambalo hulichukua joto kutoka kwa prosesa na kulitandaza. Feni hupuliza hewa kati ya mbavu hizo na kulifukuza joto.

Mvuvi mwenye mashua ya injini ya nje haelewi jambo hili kwa shida. Injini yake huvuta maji ya bahari ili ipoe, na uzi mwembamba wa maji unaotoka ubavuni humwambia kwamba maji yanapita. Uzi huo ukikatika, huzima injini upesi kabla haijaungua. Katika kompyuta, hewa ya chumbani ndiyo maji ya bahari. Na hapo ndipo ulipo ufunguo wa suala lote: kitu kinachopozwa kwa hewa hakiwezi kamwe kuwa baridi kuliko hewa yenyewe.

HESABU YA CHUMBA

Kipozeo hakiishushi prosesa hadi kiwango fulani kilichowekwa. Kazi yake ni kuizuia isipande mno juu ya joto la hewa inayokizunguka. Kwa kazi ile ile na kipozeo kile kile, nyongeza hiyo hubaki karibu ile ile popote mashine ilipo.

Katika mfano uliotajwa, chumba cha Uingereza kilikuwa na nyuzi 21. Mashine ilipopumzika, prosesa ilipanda nyuzi 14 juu ya hapo, ikawa 35. Ilipofanya kazi nzito ilipanda nyuzi 45, ikawa 66. Chumba cha Kismayu kilikuwa na nyuzi 32. Ongeza 14, jawabu ni 46. Ongeza 45, jawabu ni 77. Kipozeo cha Kismayu kilifanya kazi yake sawasawa na kile cha Uingereza. Tofauti ya nyuzi 11 ililetwa na jua, wala si na ubovu.

Kismayu iko chini kidogo tu ya mstari wa ikweta, na visiwa vya Wabajuni vyafuata kusini yake. Huko hakuna majira ya baridi kama ya Ulaya. Joto la mchana kivulini huwa karibu na nyuzi 30 kwa sehemu kubwa ya mwaka, na chumba chenye paa la mabati na madirisha yaliyofungwa huweza kuzidi hapo. Kwa hiyo mtu wa pwani asomaye vipimo vilivyoandikwa na watu wa nchi baridi yampasa kwanza kuuliza: chumba chao kilikuwa na nyuzi ngapi?

Kanuni iliyo rahisi ni kuweka kipimajoto cha kawaida mezani karibu na kompyuta, kuandika joto la chumba, kisha kulitoa katika joto la prosesa. Nambari inayobaki ndiyo inayofaa kulinganishwa na ya mtu mwingine, alimradi prosesa na kazi inayofanywa ni za aina moja.

MPAKA ULIOWEKWA NA MTENGENEZAJI

Swali la pili ni hili: hata kama nyuzi 77 zina sababu yake, je, hazidhuru? Kwa mwili wa binadamu nyuzi 40 ni homa kali, na ndiyo maana nambari kubwa humtisha mtu. Lakini silikoni si nyama. Kila prosesa ina mpaka wake uliotangazwa na mtengenezaji. Kwa Intel Core i5-12400, iliyotoka mwaka 2022, mpaka huo ni nyuzi 100. Kwa AMD Ryzen 5 5600X ya mwaka 2020 ni nyuzi 95. Kwa AMD Ryzen 7 7800X3D ya mwaka 2023 ni nyuzi 89. Kwa hiyo yafaa kila mtu ausome mpaka wa prosesa yake mwenyewe badala ya kuazima wa jirani.

Prosesa nyingine hata zimekusudiwa kuukaribia mpaka. AMD ilipotoa prosesa za Ryzen 7000 mwaka 2022, ilieleza kwamba aina zake kubwa zinaweza kufika nyuzi 95 katika kazi nzito sana, na kwamba hilo ni la kawaida kwao. Prosesa hizo hutumia nafasi yote ya joto iliyopo ili kuongeza mwendo.

Kwa jumla, katika chumba cha pwani, prosesa ya kawaida yenye kipozeo kilichofungwa vizuri huweza kusoma kati ya nyuzi 40 na 55 inapopumzika, na kati ya 65 na 85 inapofanya kazi nzito au kuendesha michezo. Nambari hizo zisimkoseshe mtu usingizi. Ikizidi 90 katika kazi ya kawaida, na si aina iliyokusudiwa hivyo, yafaa kuchunguza.

Aidha, prosesa ya leo hujilinda yenyewe. Inapofika mpakani hupunguza mwendo wake ili itoe joto kidogo, na joto likizidi kupanda huizima mashine. Ulinzi huo haukuwako sikuzote. Mwaka 2001 jarida la Tom's Hardware lilifanya jaribio la kuondoa vipozeo juu ya prosesa zilizokuwa zikifanya kazi. Pentium 4 ya Intel ilipunguza mwendo ikaendelea polepole. Athlon ya AMD ya wakati huo iliungua ikatoa moshi. Tangu hapo watengenezaji wote wameweka ulinzi ndani ya prosesa zenyewe. Kwa hiyo kosa la kufunga kipozeo vibaya leo kwa kawaida humgharimu mtu mwendo wa mashine, wala halimwachii majivu.

DALILI ZA KOSA LA KWELI

Hata hivyo isidhaniwe kwamba kila joto lasingiziwa hali ya hewa. Hilo nalo ni kosa, na huenda likawa baya zaidi, kwa kuwa mwenye mashine atavumilia ubovu ambao ungerekebishwa kwa nusu saa. Namna joto linavyopanda ndiyo inayotoboa siri.

Ikiwa joto linaruka hadi mpakani katika sekunde chache baada ya kazi kuanza, kisha linaanguka ghafula mara kazi inapokoma, basi joto halipiti kutoka kwenye prosesa kwenda kwenye kipozeo. Mambo ya kukagua ni manne. La kwanza, karatasi nyembamba ya plastiki inayobandikwa chini ya kipozeo kipya: mafundi wengi wageni husahau kuibandua. La pili, pesti ya kupitisha joto, ule uji mzito wa kijivu unaojaza vinyweleo baina ya vyuma viwili. Kiasi cha punje ya mbaazi chatosha. Kipozeo kikishang'olewa, pesti ya zamani ifutwe kwa kitambaa na spiriti, na mpya iwekwe. La tatu, skrubu za kipozeo zikazwe kwa zamu, kidogo kidogo, pembe hii kisha pembe inayoielekea, ili chuma kilale sawa. La nne, waya wa feni uchomekwe mahali palipoandikwa kwa ajili ya feni ya prosesa. Feni isiyozunguka ni sawa na ule uzi wa maji uliokatika.

Ikiwa joto linapanda polepole, kwa dakika kumi au ishirini, na halishuki upesi, basi kipozeo chafanya kazi lakini hewa ndani ya kasha imekuwa moto. Njia ya kuhakikisha ni kufungua ubavu mmoja wa kasha wakati mashine ikiendelea na kazi ile ile, bila kugusa chochote cha ndani. Joto likishuka kwa nyuzi tano hadi kumi, dawa ni kuisaidia hewa kupita: feni ya mbele ivute hewa ndani, ya nyuma iitoe nje. Feni mbili zinazopulizana uso kwa uso hazina faida.

Yafaa kujua pia kwamba joto linalosomwa katika ukurasa wa mipangilio, ule unaofunguliwa kabla mashine haijaanza kazi, mara nyingi huwa kubwa kidogo kuliko lile linalosomwa baadaye mashine inapopumzika. Hapo prosesa bado haijaanza kujibana kuokoa umeme. Vilevile joto likirukaruka kwa nyuzi kadhaa kila sekunde, hiyo si dalili ya ugonjwa. Prosesa huamka ghafula, hufanya kazi ndogo, kisha hulala tena.

WAJIBU WA WATU WA NYUMBANI

Fundi hufunga kompyuta mara moja, lakini watu wa nyumbani huishi nayo kila siku, na mengi yamo mikononi mwao.

Desturi ya pwani ni kupamba vyombo vya thamani. Televisheni na redio huvikwa vitambaa vilivyofumwa kwa mkono, na kompyuta mpya nayo huona heshima hiyo. Kitambaa na kiwekwe mashine inapokuwa imezimwa, ili kuzuia vumbi, kiondolewe kabla haijawashwa. Kikiachwa huziba matundu ya hewa, na nyuzi 77 zitakuwa 90 bila ya kosa la fundi.

Kasha lisisukumwe hadi ukutani. Libakizwe nafasi ya shubiri moja nyuma na ubavuni. Lisiwekwe sakafuni ambako fagio hulirushia vumbi, wala karibu na jiko, wala mahali jua la alasiri linapoingia. Dirisha lililoelekea bahari hutoa upepo mzuri kwa watu, lakini upepo huo huchukua chumvi, na chumvi ikichanganyika na unyevu hula chuma. Kwa hiyo mashine isikae mbele yake. Kila mwezi mbavu za kipozeo zisafishwe kwa brashi laini, umeme ukiwa umekatwa, na pangaboi la feni lishikwe kwa kidole lisizunguke.

Wengine hufikiri kwamba baridi kali ndiyo dawa. Sivyo. Kitu kilichopozwa sana kikitolewa katika hewa yenye unyevu hutokwa jasho, kama chupa ya maji iliyotoka katika friji, na maji juu ya waya za umeme ni hatari kuliko nyuzi 80. Mashine ikihamishwa kutoka chumba chenye mtambo wa kupoza hewa kwenda chumba cha kawaida, iachwe itulie kwanza kabla ya kuwashwa.

JOTO NA GHARAMA YA UMEME

Kuna sababu nyingine ya kuliangalia joto, nayo ni mfuko. Somalia haina gridi moja ya taifa. Umeme wa mijini huuzwa na makampuni ya binafsi kwa mitambo yao wenyewe, na visiwani kila wati ni ya kuhesabiwa, hasa kwa mwenye paneli za jua na betri. Kila wati inayogeuka joto ndani ya prosesa ni wati iliyolipiwa. Tena prosesa iliyo moto hupoteza umeme kidogo zaidi kuliko iliyopoa, hata kwa kazi ile ile.

Kwa hiyo yule kijana wa Kismayu ana njia isiyohitaji kununua kitu. Katika mipangilio ya mashine nyingi anaweza kuweka kikomo cha wati. AMD, kwa mfano, huruhusu prosesa nyingi za wati 65 zifanye kazi kama za wati 45. Mwendo katika kazi nzito hupungua kidogo, na katika kuandika, kusoma au kufanya hesabu za duka tofauti huwa vigumu kuiona. Joto hushuka, feni hutulia, na betri hudumu.

Siku za tanga mbili zitakapofika na hewa kusimama, kijana huyo ataona nyuzi 80. Asizikimbilie skrubu. Na atazame kwanza kipimajoto cha mezani: ikiwa chumba nacho kimepanda kutoka 32 hadi 35, hesabu yake haijabadilika, na jibu la mama yake ni kwamba fedha zake zi salama. Lakini chumba kikiwa na nyuzi zile zile 32, na prosesa imepanda peke yake, hapo ndipo pa kuizima mashine, kufungua kasha na kutafuta vumbi, feni iliyokwama au skrubu iliyolegea.